Broila siku 24, maranda yameloa na nyayo zina vidonda vyeusi, naombeni msaada

MamaVifaranga (Chanika)

Wakuu habari za majukumu. Nina broila 400, leo wana siku 24, banda ni mita 6 kwa 6. Hii ni bachi yangu ya tatu, mbili za kwanza nilifuga kiangazi zikatoka vizuri tu, hii imeangukia masika na kila kitu kimebadilika.

Maranda niliyotandika chini ni pumba za mpunga, yaani maganda yake, sasa safari hii bei ilikuwa juu kwa hiyo nikaweka nyembamba, kama unene wa kidole gumba, nikasema nitaongezea mbele ya safari. Zilipopungua nikaongezea unga wa mbao niliopewa bure na fundi seremala hapa jirani. Wiki ya kwanza na ya pili hakukuwa na shida. Kuanzia siku ya 18 mvua zimekolea, chini kumekuwa kama tope, sehemu zenye vyombo vya maji kumeganda kama mkate na ukikanyaga panateleza. Harufu ndio usiseme, asubuhi nikifungua mlango machozi yananitoka.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jana usiku nimeona kuku wengi wamekaa tu, hata chakula nikiweka wanajivuta. Nikamshika mmoja nikamgeuza nikammulika na tochi ya simu, katikati ya unyayo ana duara jeusi, ukubwa wa punje ya haragwe. Nikajua ni kinyesi kimegandia, nikachukua maji ya vuguvugu nikaosha, halitoki. Nikalisugua taratibu na kitambaa likabanduka kipande, chini yake nyama nyekundu kabisa. Nikashika wengine mmoja mmoja mpaka wakafika 20, kati yao 13 wanalo, wengine mguu mmoja wengine yote miwili. Na manyoya ya kifuani yameisha, ngozi nyekundu kama imeungua. Niliumia sana, kwa sababu wanakula vizuri tangu wafike na mimi nilidhani nawatunza.

Wamekufa 9 mpaka sasa. Duka la dawa wameniambia niwape antibayotiki siku 5 na nimwage chokaa juu ya maranda. Kabla sijafanya nimeona niwaulize wenye uzoefu. Tatizo ni pumba, ni ule unga wa mbao, au ni ugonjwa?

---

Fundi_wa_Banda (Mbagala)

Pole sana dada. Usinunue chochote kwanza. Nenda bandani sasa hivi, chota maranda kiganja kimoja, chota sehemu tatu tofauti, katikati ya banda, karibu na maji, na kwenye kona, kamua kwa nguvu afu fungua mkono. Yakibaki donge kama ugali yameloa kupita kiasi. Yakishikana kidogo afu yakaachia yenyewe hapo ndio pazuri. Yakitawanyika kama vumbi yamekauka mno, nayo ni shida maana vumbi linaingia kwenye mapafu.

Halafu nijibu mambo matatu. Vyombo vya maji umeviweka urefu gani? Maturubai ya pembeni unayafungua saa ngapi? Na chakula ni cha dukani au unachanganya mwenyewe?

---

MamaVifaranga (Chanika)

Kaka asante kwa kujibu haraka. Nimefanya hivo. Karibu na maji limebaki donge na maji yamechuruzika kabisa kwenye vidole. Katikati donge bila maji. Kona ya mbali ndio pamekauka.

Vyombo nimeviweka juu ya nusu tofali tangu wana wiki moja, sijavipandisha. Maturubai yameshuka usiku na mchana kwa sababu ya mvua na baridi, naogopa wasipate mafua. Chakula nilianza cha dukani, kuanzia siku ya 15 nachanganya mwenyewe na chumvi naweka kwa kukadiria.

---

Fundi_wa_Banda (Mbagala)

Sasa dada hapo umeshajieleza mwenyewe. Mimi nimefuga miaka 9 na masika mbili za kwanza zilinitoa machozi hivo hivo, kwa hiyo haya nayasema kwa kuwa yamenipata.

Watu wengi tunabishana maranda ya mbao au pumba, ipi bora, tunasahau maji. Piga hesabu na mimi. Broila akila kilo moja ya chakula anakunywa karibu lita mbili. Kuku wako 400 kwa umri huu wanakula kama kilo 40 kwa siku, tuseme hivo, maana yake lita 80 za maji zinaingia ndani ya banda lako kila siku ya Mungu. Kiasi kinabaki mwilini wanakua nacho, kingine chote kinatoka, kwa kinyesi na kwa pumzi. Kama maturubai yamefungwa saa 24 hiyo ya pumzi haina pa kwenda, inarudi chini. Na chombo kikiwa chini ya kifua kuku anapiga maji na mdomo yanamwagika, anapanda, anapiga kiki, na ukizidisha chumvi ndio anakunywa mara mbili na anaharisha maji. Kidole gumba cha pumba hakiwezi kubeba mzigo huo hata ungetandika dhahabu.

Kwa hiyo fanya hivi leo leo, usisubiri kesho. Yale mabamba yaliyoganda kama mkate usiyageuze, yakate na jembe au chepeo utoe nje kabisa, kwenye ndoo, uyapeleke mbali na banda. Ukiyapindua ndani unafungulia harufu yote iliyofungiwa chini, kuku wanaivuta. Fungua maturubai kwanza kabla hujagusa chochote. Pale ulipotoa mwaga pumba kavu mpya, unene wa vidole vinne, kiangazi hata sentimita 5 zinatosha lakini masika ni 8 mpaka 10. Vyombo vipandishe mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku akisimama wima, na kila siku mbili tatu unapima tena kwa sababu broila anarefuka ukiwa umelala. Kila asubuhi mvua ikikatika pitisha reki sehemu ambazo bado ni laini, taratibu, kipande kipande, usiwakimbize.

Turubai funga kuanzia chini kwenda juu, juu kabisa acha uwazi wa kama shibiri mbili upande wote hata mvua ikinyesha. Hewa ya moto na mvuke vinapanda, vinatokea hapo. Kuku wa siku 24 amevaa manyoya na ana joto lake, siyo kifaranga wa siku 3, anachoogopa ni upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelowa. Mafua unayoyakimbia ndio hayo yanatengenezwa na ile hewa uliyofungia.

---

DaktariKijijini

Salaam wote. Mimi ni daktari wa mifugo, ngoja niongezee kwa upande wa afya, na mengi ya Fundi nakubaliana nayo.

Dada, hayo madoa meusi ni majeraha ya kuungua. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ndiyo mkojo wake, na bakteria walioko kwenye maranda wanaigeuza kuwa amonia, ile gesi inayokutoa machozi. Wanaifanya kazi hiyo vizuri zaidi pakiwa na unyevu na joto. Unyayo unaanza kulainika kwa maji, kama vidole vyako ukifua nguo muda mrefu, kisha amonia na kinyesi vinachoma ngozi iliyolainika. Broila akishafika wiki ya nne uzito umezidi nguvu ya miguu, anashinda amelala muda mwingi wa siku, kwa hiyo kifua na vile vifundo vya nyuma ya mguu navyo vinakaa kwenye moto huo huo. Ukiona anajivuta kwenda kula ni maumivu. Kuku hapigi kelele akiumwa mguu, anakaa tu.

Amonia hiyo hiyo ikienda juu inaunguza macho na inaua vile vinyweleo vidogo vya kwenye koo la hewa ambavyo kazi yake ni kutoa uchafu. Vikifa, bakteria kama E. koli wanashuka mpaka kwenye mifuko ya hewa bila kizuizi. Chanjo ulizompa pia hazitamsaidia ipasavyo koo likiwa limeharibika. Wewe macho yanakuchoma ukiwa umesimama mlangoni dakika mbili, wao wapo chini, saa 24, pua zao zipo sentimita 20 kutoka kwenye chanzo. Kwa hiyo ukitaka kupima usisimame. Piga magoti katikati ya banda, shusha kichwa usawa wa vichwa vyao, vuta pumzi kwa pua kama dakika moja. Na fanya asubuhi kabla pua haijazoea, maana mtu anayeshinda bandani huwa haisikii tena, hilo nimeliona kwa wafugaji wengi sana. Ulaya walipotunga sheria ya ustawi wa kuku wa nyama mwaka 2007 waliweka kwamba mfugaji anayetaka kujaza zaidi ya kilo 33 kwa mita ya mraba lazima amonia isizidi sehemu 20 katika milioni, na wakasema wazi ipimwe usawa wa vichwa vya kuku. Wewe una kuku 11 kwa mita ya mraba, msongamano siyo tatizo lako kubwa.

Kuhusu chokaa, tafadhali USIMWAGE juu ya maranda mabichi kuku wakiwa ndani. Najua ni ushauri unaotolewa karibu kila duka. Chokaa inaongeza ubesi (kinyume cha asidi), na amonia inaruka kwa wingi zaidi ubesi ukipanda, kwa hiyo siku hiyo hiyo utaongeza sumu hewani, na vidonda vya miguu vitakutana na chokaa. Chokaa mahali pake ni sakafuni banda likiwa tupu, kabla hujatandika.

Kuhusu antibayotiki, majeraha ya kuungua hayatibiki kwa kuweka dawa kwenye maji ya kunywa wakati kuku bado amekalia kinachomchoma. Na kuku wako wana wiki moja na nusu tu waende sokoni, ukiwapa dawa lazima usubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuuza, walaji ni watoto wetu. Ila vifo 9 sivipuuzi. Angalia kinyesi, kama kuna damu au kahawia ya chokoleti hiyo inaweza kuwa koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo wa kuku, vijidudu vyake vikipata unyevu na joto vinakomaa ndani ya siku moja mpaka mbili tu, na maranda yako sasa hivi ndiyo mazingira vinayoyapenda. Ukiona hivyo njoo uniambie, dawa yake ni nyingine kabisa. Akifa mwingine usimtupe, mpeleke akiwa bado mbichi maabara ya mifugo ya serikali pale Temeke wampasue.

Na swali lako la unga wa mbao. Ndiyo, umechangia. Unga ni tofauti na maranda ya mbao. Maranda yale ya randa yaliyojikunja yana nafasi ndani, yananyonya na yanaachia. Unga ukilowa unashikana kama saruji, ukikauka unakuwa vumbi, na vifaranga wadogo wanaula wakidhani ni chakula, tumbo linajaa. Pia muulize huyo fundi, mbao zilikuwa za aina gani? Zile mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa nyingine zina shaba, kromiamu na aseniki. Unga wake usiingie kwenye banda la kitu kinacholiwa.

---

Mkulima_Kirinyaga

Habari kutoka huku Mwea, Kenya. Sisi maganda ya mpunga tunayo mpaka yanachomwa kando ya mashine, kwa hivyo ndiyo kila mtu anatumia. Ni kweli ganda la mpunga halinyonyi maji kama maranda ya mbao, lakini uzuri wake ni kwamba halishikani, ukipitisha reki linakauka haraka. Shida yake ni moja, kununua bila kuangalia. Mwaka mmoja nililetewa magunia yaliyokuwa yamekaa nje yakanyeshewa, juu yalikuwa makavu, nikatandika kwa vifaranga wa siku moja. Siku ya nne nikaona wananyoosha shingo wanahema mdomo wazi, hakuna mlio, hakuna kikohozi, kimya kabisa. Nikafikiri ni moshi wa jiko. Daktari alipowapasua mapafu yalikuwa na vipele vidogo vya manjano kama mtama. Ilikuwa ukungu kutoka kwa yale maganda, na akaniambia wazi hakuna dawa ya maana, waliobaki niwaondoe hapo. Niliwapoteza zaidi ya mia moja.

Tangu siku hiyo gunia likifika naingiza mkono mpaka kwapani, nachota ya katikati, nainusa. Ikinuka kama nyumba iliyofungwa inarudi ilikotoka. Hata ile nzuri naianika kwa jua juu ya turubai siku nzima kabla ya kutandika, naigeuza geuza. Na siku mbili kabla vifaranga wafike nawasha jiko ili maranda yenyewe yapate moto, sio hewa tu, kwa maana kifaranga hana manyoya tumboni, akikalia baridi anajikunyata na hataki kula. Weka kiganja chini, kikihisi baridi basi bado.

Magazeti pia wachana nayo kutandika peke yake, ni utelezi, miguu ya vifaranga inapanuka kando na hairudi.

Na mama hayo mabamba unayotoa usimpe mtu wa ng'ombe. Huku kuna watu wanalisha ng'ombe maranda ya kuku, na kama kuna mzoga ulifukiwa humo ndani ng'ombe anapooza analala hainuki. Peleka shambani, na yaoze kwanza.

---

MamaVifaranga (Chanika)

Wakuu nimerudi, ni siku ya sita leo tangu niandike. Nawashukuru kuliko mnavyofikiri.

Siku ile ile nilimwita mdogo wangu tukafungua maturubai tukaanza kukata yale mabamba. Tumetoa ndoo 31, nilihesabu. Chini ya vile vyombo vya maji tulikuta sakafu ina maji yamesimama kabisa, kumbe chombo kimoja kina ufa, kinadondosha tone tone usiku kucha, mimi kila asubuhi nilikuwa najaza nasema kuku wanakunywa vizuri. Yule fundi nilienda kumuuliza, alisema alikuwa anapaua na nyingi ni hizo hizo za kijani. Basi tukatoa na kona zote zenye unga wake. Nimenunua viroba 14 vya pumba, nimeingiza mkono kwenye kila kiroba kama ulivyosema kaka wa Mwea, kimoja nikakirudisha, muuzaji alinishangaa. Mvua ilikatika saa nne mpaka saa tisa nikapata kuvianika, jioni nikatandika.

Sasa niwaambie nilichoona. Nilipomwaga ndoo za kwanza wale waliokuwa wamelala hawajivuti wakaanza kusogea, wakaja juu ya pumba mpya, mmoja akajilaza ubavu akaanza kujirushia pumba mgongoni na bawa, anachimba na mguu anajirushia, wengine wakafuata, baada ya kama nusu saa kona nzima inaoga vumbi. Tangu wana wiki mbili sikuwa nimewaona wakifanya hivyo na nilikuwa sijui hata kama wameacha. Nilikaa pale mpaka giza likaingia.

Chumvi nimepima kwa mizani sasa, nilikuwa naweka karibu mara mbili ya inayotakiwa. Amefariki mmoja siku ya pili, nilimpeleka Temeke, wakasema mifuko ya hewa ilikuwa na utando mweupe wa E. koli, koksidiosisi hakuna. Tangu hapo hajafa mwingine, na daktari nimekusikiliza, dawa sijawapa. Nimepiga magoti leo asubuhi, harufu ipo kidogo ila machozi hayatoki.

Nyayo nimeshika tena 20. Wenye jeraha jipya hawapo. Wale wa zamani doa linaanza kukauka pembeni, ila wawili watatu naona limeingia ndani na mguu umevimba. Hao watapona kabla ya siku 35? Maana kuna mama ananunuaga miguu na vichwa na firigisi, huwa anaangalia mguu mmoja mmoja. Na swali la mwisho, haya maranda mapya naweza kuyaachia kwa bachi inayofuata? Nimesoma Marekani wanatandika mara moja wanafugia bachi nyingi juu yake.

---

DaktariKijijini

Hongera dada, kazi ya ndoo 31 siyo mchezo.

Wenye doa la juu juu wengi ngozi inajifunga maranda yakibaki makavu, kovu dogo litabaki. Hao wenye uvimbe hawatapona kwa siku zilizobaki. Watenge kwenye kona yenye pumba nene, chakula na maji karibu yao wasitembee, na hao ndio uwatangulize kuuza au kuchinja nyumbani, miguu yao usimuuzie yule mama, kata tupa. Anayeshindwa kabisa kufika kwenye maji usimwache ateseke mpaka siku ya 35, mchinje leo.

Marekani ni kweli wanarudia, wanaondoa tu mabamba ya juu, lakini wana feni kubwa za kuvuta hewa, majiko ya gesi ya kukausha banda kabla, wanakaa wiki kadhaa bila kuku, na wanaweka kemikali za asidi za kushusha amonia kabla vifaranga hawajaingia. Wewe una maturubai na reki. Halafu kwetu Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, ipo, na kirusi chake kinakaa bandani miezi bila kufa. Toa yote, fagia, osha kwa sabuni, pakauke, pulizia dawa, hapo sasa ndiyo mwaga chokaa yako sakafuni, acha banda tupu siku 14.

---

Fundi_wa_Banda (Mbagala)

Na hiyo mbolea usiitupe dada, ila ile yenye unga wa mbao za kijani usiichanganye humo. Ifukie na majani makavu nyuma ya nyumba, iloweshe kidogo, igeuze kila wiki, baada ya miezi miwili mitatu wakulima wa mchicha wataifuata wenyewe mpaka mlangoni. Mimi pesa ya pumba za masika inatoka humo. Kile chombo chenye ufa umekibadilisha?

---

MamaVifaranga (Chanika)

Nimebadilisha kaka, siku ile ile. Na vingine vyote nimevijaza maji nikaviweka juu ya gazeti kavu usiku mzima nione kama kuna kingine kinavuja, vimebaki salama.